Shokapu za Marehemu

Jumamosi iliyopita, saa nne asubuhi, ndipo nilipoacha kumcheka marehemu mume wangu. Hapa mtaani Thamesmead mlima wetu mrefu ni tuta la barabarani, lakini yeye alinunua baiskeli ya milimani. Jumamosi hiyo nikaipeleka kwa fundi azifupishe shokapu za mbele, ili nami mfupi niweze kuiendesha.

“Mama, utapanda mlima gani?”

“Wa kwenda kanisani.”

Akazifungua, akanigeukia. “Zimeshafupishwa, mama. Mwenyewe alikuwa mfupi kama wewe?”

Mume wangu aliinama kwenye kila mlango. Kumbe alipokuwa anaumwa, nikimkejeli kwamba anachokonoa baiskeli asiyoweza tena kuipanda, alikuwa ananitengenezea mimi. Wanawake wenzangu hodari wa kejeli, endeleeni tu. Majibu huja baada ya mazishi. Ee Bwana, mpe raha ambayo ulimi wangu ulimnyima. Amina.