Mama wa depo ya mchele anayempima paka wake sukari

Saa kumi na mbili asubuhi, mlango wa depo bado umefungwa, Séraphine Mauwa anakaa chini kwenye mkeka, mgongo kwenye mifuko ya mchele, miguu ameinyoosha. Mapajani amelala paka wake, Douanier. Hajakamatwa, wala hajafungwa. Amelala tu kama mtu anayengoja zamu yake kwa kinyozi.

Mkononi mama ana soksi ya zamani. Ndani ametia mchele alioukaanga kidogo kwenye sufuria kavu. Anaiweka kwanza kwenye shavu lake mwenyewe, anasikiliza joto, ndipo anaihamishia kwenye sikio la paka.

"Kama inaniunguza mimi, itamuunguza na yeye," anasema kwa sauti ya chini. "Sikio ya baridi haitoe damu. Unachoma, unarudilia, hakuna kitu. Mutoto wa watu anateseka bure."

Mlangoni amesimama mume wake, Tambwe, fundi wa baiskeli, kikombe cha chai mkononi.

"Miaka makumi mbili na tano ya ndoa," anasema Tambwe, "haujanipashia sikio hata siku moja. Na soksi ni yangu!"

"Wewe kamata panya kwanza, nitakupashia."

Sikio likishapata moto, Séraphine anaweka pamba upande wa nyuma ili sindano isipite mpaka kwenye kidole chake. Anagusa pembeni kabisa mwa sikio. Tak. Paka anapepesa jicho moja. Damu inatoka tone dogo kama mbegu ya lengalenga, mchicha wa huku, na kikaratasi kigumu cha kipimo, ambacho hapa wote wanakiita bandeleti, kinainywa. Mashini ya kupimia sukari inahesabu sekunde tano.

Mia moja kumi na nane.

"Asante, papa," anamwambia paka, akibana sikio kwa pamba mpaka damu isimame. Ndipo anampa ndagala, vile visamaki vikavu, wawili. Kabla ya kipimo hampi kitu, na baada ya kipimo hamnyimi.

Séraphine ana miaka arobaini na tisa. Analinda depo moja karibu na soko la Kasongo. Wakulima wanaleta mchele kutoka vijijini, wafanyabiashara wanaununua na kuuacha kwake mpaka pikipiki zije kuupakia kwenda Kabambare na Salamabila, ambako wachimba dhahabu wanakula lakini hawalimi. Kwa kila mfuko unaolala depo, analipwa franka elfu moja kwa mwezi. Depo ikijaa ina mifuko kama sitini. Nusu yake ni ya mtu mmoja: Aïcha, mfanyabiashara kijana aliyetoka upande wa Fizi.

Katika kazi hiyo, adui ni panya. Panya mmoja akitoboa mfuko usiku, asubuhi mwenye mfuko haulizi habari ya panya, anauliza habari ya mlinzi. Ndiyo maana miaka sita iliyopita Séraphine aliagiza paka kutoka Nyangwe. Watu walimpa jina la Douanier, yaani mtu wa forodha, kwa sababu hakuna kikapu cha samaki kilichopita mlangoni bila yeye kutoza chake.

Mwaka huu, baada ya Pasaka, Douanier alianza kunywa maji. Alikunywa bakuli, akanywa ndoo ya kuoshea vyombo, akanywa hata maji ya mvua kwenye tairi la Tambwe. Alikula sana na bado mifupa ya mgongo ikaanza kuhesabika. Na kwa sababu maji yanayoingia lazima yatoke, yakaanza kutoka juu ya mifuko.

Aliyegundua ni Aïcha. Siku hiyo alikuja na pikipiki nne kupakia mzigo, akainama, akanusa.

"Mama Séra, mifuko yangu iko inanuka."

"Ni mvua, binti yangu. Bati linavuja."

"Mvua hainukake hivi, mama."

Mmoja wa watu wa pikipiki akacheka. "Kama mumemuchoka ule paka, munipatie. Mi niko na chumvi na pilipili mu sakoshi."

Séraphine hakucheka. Aïcha pia hakucheka.

"Mama, mi nakuheshimu sana," Aïcha alisema. "Lakini wachimbaji ya Salamabila wanakula muchele, hawakule mukojo ya paka. Nitarudia kiisha wiki tatu. Nikikuta maji tena, paka anaenda ao mifuko yangu inaenda. Utachagua."

Pikipiki zilipoondoka, Séraphine alisogeza mifuko iliyobaki ili aoshe sakafu. Pale kwenye kona aliona mstari wa sisimizi, mwembamba, mrefu, unatoka ukutani mpaka kwenye ile alama ya maji. Walikuwa wanakunywa.

"Nilisimama na ndoo mu mukono," anakumbuka. "Nikasema, e Mungu wangu, hii nimekwisha kuiona."

Aliiona miaka minne nyuma, nyuma ya nyumba yake mwenyewe, mahali alipokuwa anaenda haja ndogo usiku. Tambwe ndiye aliyemwonyesha sisimizi siku ile. Kesho yake walikwenda kwenye kituo cha afya, na muuguzi akamwambia ana ugonjwa wa sukari. Tangu hapo anajipiga insulini asubuhi na jioni, na chupa anaitunza kwenye chungu cha udongo chenye mchanga wa maji, kwa sababu friji hana.

Akamwita Musafiri, mganga wa mifugo, mwanaume mpole anayezunguka na baiskeli kuchanja mbuzi. Musafiri alisikiliza habari ya sisimizi, akakuna kichwa.

"Mama Séra, mimi natibu mbuzi. Paka wa sukari nilimuona mu kitabu tu, na picha yenyewe ilikuwa imepasuka."

Lakini hakwenda zake. Alipanda kilimani palipo na mtandao, akapiga simu kwa rafiki yake waliyesoma naye, anayefanya kazi Bukavu. Alirudi na karatasi iliyoandikwa pande zote mbili. Mabaki ya wali na ugali yakome. Paka ale samaki na nyama. Insulini ya Séraphine, ile ya mawingu ndani ya chupa, inaweza kusaidia, lakini kwa kipimo cha paka: uniti moja asubuhi, moja jioni, baada ya kula. Na apimwe kwenye sikio.

Kumpima ndiko kulikomshinda.

Kila mtu alijua namna ya kumshika paka mkorofi: unamtia kwenye mfuko wa mchele, kichwa kinabaki nje, unafunga kamba shingoni bila kukaza. Siku ya Alhamisi, juma-ine kama wanavyosema hapa, Tambwe alishika mfuko, Séraphine akashika sikio. Douanier alilia sauti ambayo hawakuwahi kuisikia kwake. Walimchoma mara nne. Mashini ikasema mia nne thelathini na moja. Siku mbili baadaye, Jumamosi ambayo hapa inaitwa posho, wakarudia, ikapanda kuliko pale.

Zilikuwa zimebaki siku kumi na tatu Aïcha arudi, na sakafu ilikuwa bado mbichi.

"Nikajiambia, uniti moja ni ya kuchezea," anasema Séraphine. "Mimi mwenyewe nikiona mia nne, naongeza. Nikamupiga tatu. Sikuuliza mutu."

Saa sita mchana Douanier alishuka kutoka juu ya mifuko akaanguka ubavuni. Akasimama, miguu ya nyuma ikaenda kushoto wakati ya mbele inaenda kulia. Macho yalikuwa wazi lakini hayakumwona mtu. Séraphine aliijua na hiyo: ni sukari ikishuka mno. Mara mbili Tambwe amemwokota yeye mwenyewe katika hali hiyo.

Alichovya kidole kwenye asali akampaka kwenye fizi, kidogo, tena, tena, huku analia. Alipompima, hakukuwa na haja ya mfuko. Paka hakuwa na nguvu ya kukataa. Hamsini na mbili.

Musafiri alifika mbio, baiskeli akaitupa nje. Kufikia saa hiyo paka alikuwa ameinua kichwa.

"Nani alikuambia tatu?"

"Mashini."

"Mashini ilisema ile saa alikuwa wapi? Mapajani?"

"Mu mufuko."

Musafiri akaitoa ile karatasi ya Bukavu, akaigeuza upande wa pili, akamsomea mstari ambao hakuna aliyeutilia maanani. Paka akiogopa, mwili wake unamwaga sukari ndani ya damu, nyingi, kwa dakika chache tu. Ukimpima katika woga, unapima na ule woga.

"Kumbe nilikuwa namupigia sindano ya woga wenye nilimutia mimi mwenyewe," anasema Séraphine.

Lakini kwa nini woga mkubwa hivyo? Paka huyu amekanyagwa na pikipiki akapona, amepigana na mbwa. Jibu alilipata mwenyewe, jioni, akiukunja ule mfuko. Huku kwetu ukimpa mtu paka, unamtia kwenye mfuko ili asione njia akarudi. Douanier alitoka Nyangwe hivyo, ana miezi miwili, amefungwa nyuma ya baiskeli siku nzima. Hakuona mama yake tena.

"Alizani ninamupeleka," anasema, na hapo anatazama pembeni. "Ile juma-ine na ile posho, alizani ninamupeleka."

Kuanzia siku hiyo hakuna mfuko. Dozi ikarudi moja. Na kwa siku tano Séraphine hakumchoma kabisa kwenye sikio. Alikaa kwenye mkeka kila asubuhi, akamgusa sikio, akampa ndagala, akamwacha aende. Siku ya tatu akaleta soksi yenye joto. Siku ya nne akaleta mashini, akaibonyeza ilie ile sauti yake, akaizima. Siku ya sita akachoma, mara moja tu, pembeni. Mia mbili sitini na nane.

Ilikuwa kubwa bado. Ila ilikuwa ya kweli.

Shida nyingine ilikuwa bandeleti. Boksi la hamsini linatoka Kindu au Bukavu, na njia ikiharibika linaweza kukosekana miezi miwili. Musafiri aligundua kwamba mama ameacha kujipima mwenyewe ili paka apate, akamgombeza mbele ya mume wake.

"Ukianguka wewe, mama, nani atamupima? Huyu?" akamwonyesha Tambwe.

"Mimi naogopa damu," Tambwe akakubali.

Wakapatana: mama atajipima kila siku, kama zamani. Paka mara mbili kwa wiki, na siku nyingine wamwangalie tu: anakunywa kiasi gani, anakojoa wapi, anatembea namna gani.

Aïcha alirudi siku aliyosema. Hakukaa, hakunywa maji aliyopewa. Alikwenda moja kwa moja kwenye mifuko yake, akainama, akanusa wa kwanza, wa pili, wa tatu, akafika mpaka wa mwisho. Akapiga goti, akaweka kiganja chote kwenye sakafu ya kona. Séraphine alikuwa amesimama mlangoni, mikono nyuma.

"Na hii alama?"

"Ya zamani, binti yangu. Gusa."

Aïcha akagusa. Akanusa kidole. Akagusa tena.

"Imekauka," akasema.

"Imekauka tangu juma-pili iliyopita."

"Na panya?"

"Juzi wawili. Jana mumoja, mukubwa, Tambwe alifikiri ni sungura."

Aïcha akacheka bila kutaka, akajifuta magoti. "Basi mifuko inabaki, mama. Na nitaleta ingine kumi kiisha mavuno. Lakini ile mambo ya sindano usinionyeshe. Mi naogopaka mpaka leo."

Alipoondoka, Séraphine alikunywa mwenyewe yale maji aliyoyakataa mgeni.

Wiki nne baadaye, siku ya kupima, mashini ilisema mia moja kumi na mbili. Seringi ya paka ilikuwa imekwisha kujazwa.

"Mupige basi, saa imefika," Tambwe alimwambia.

Hakumpiga: namba ilikuwa chini, na ile hamsini na mbili alikuwa hajaisahau. Alipanda mwenyewe kilimani kutafuta mtandao, na Musafiri akamjibu kwamba amefanya vizuri, asimpige, amwangalie. Siku nzima hakutoka depo. Jioni ikawa mia moja ishirini na nane. Kesho yake chini ya hapo. Musafiri akampigia tena yule rafiki wa Bukavu, naye akasema kuna paka wengine, wakila samaki tu na sukari yao ikitulizwa mapema, wanaachana na insulini kabisa. Si wote. Na ugonjwa unaweza kurudi, kwa hiyo kupima kusiachwe.

Leo ni siku ya kumi bila sindano. Ile mia moja kumi na nane ya asubuhi, Séraphine ameiandika kwa chaki ukutani, chini ya nyingine.

Sasa ni zamu yake. Anafungua chungu cha mchanga, anatoa chupa, anavuta dozi yake, anajichoma tumboni bila kuangalia. Paka anajilamba mguu.

"Mimi muuguzi aliniambia wazi, hii ni ya maisha yote," anasema akifunika chungu. "Nilisha kubali. Sina wivu. Lakini kama mu hii nyumba mumoja anaweza kuiacha, aiache. Nitamupima hii posho, na ingine, na ingine, pole pole, mupaka Noeli. Akifika Noeli bila sindano, nitachinja kuku. Mugongo na mapaja ni yake."

"Na mimi?" anauliza Tambwe kutoka mlangoni.

"Wewe utakula shingo."

Tambwe anafikiri kidogo, anamtazama paka, anamalizia chai yake.

"Afike," anasema. "Nitaila."