Kitanda Ndani ya Kombi

Juzi, kwenye daraja la Busisi, lilinipita gari la watalii lenye kitanda na mapazia, nikasikia tena harufu ya mbao mbichi.

Alasiri moja ya utoto wangu, uani kwetu Buhongwa, baba aling'oa viti vya Kombi yetu kuukuu, akaziba kutu, akapigilia humo kitanda cha mbao. Bibi, mama yake, alimtazama akiwa amejifunika khanga juani. Nilidhani tunakwenda Bukoba kutembea tu, na kitanda kile nikakionea wivu.

"Bibi, tukirudi nitalala mimi?"

Nyundo ya baba ikanyamaza.

"Mkirudi utalala wewe, mjukuu wangu," bibi akasema taratibu.

Sikujua kwamba alitaka kuifikia migomba ya kwao Bukoba angali hai. Tuliporudi bila yeye, kitanda kilikuwa changu, nami nikalala sakafuni njia nzima.