Bampa la Mama Gia

Nondo ilishuka kwenye mkono wa Kapteni, ikainuka, ikashuka tena, na kila iliposhuka aliyeishika alihema kama mtu anayepasua kuni. Kapteni alikuwa kifudifudi katikati ya barabara ya mlimani, goti la mtu likiwa limemkandamiza shingo, na kosa lake lilikuwa moja tu: alisimamisha gari. Alimwona mtu amelala barabarani, kwenye ule mteremko wa chini ya kiwanda cha mbao, akafunga breki, akashuka kumsaidia. Mtu akaamka. Wenzake wawili wakachomoka vichakani. Wakachukua pesa za mbao, simu, saa, hata buti za miguuni, zile buti za ngozi zenye kamba nyekundu alizonunuliwa na mkewe. Halafu, kwa kuwa aliwatazama usoni, wakamvunja mkono wa kulia ili asishike usukani tena. Na kweli hakuushika tena.

Mkewe huyo ndiye Mama Gia, na habari hii ni yake.

Jina hilo alipewa na wapakiaji wa kiwandani, kwa jinsi alivyokuwa akibadilisha gia kama anayemkaba mwizi koo. Alianza kama utingo wa mumewe, yaani yule anayekaa nyuma juu ya mzigo, anayeruka na jiwe kulisukumiza chini ya tairi gari likisimama mlimani. Alikula vumbi huko nyuma mpaka mumewe alipoamua kumfundisha kuendesha. Mume alifundisha kwa kufoka, mke akajifunza kwa kufoka zaidi, na wote wawili wakatoka salama. Mpakiaji mmoja aliyewahi kumuuliza kama wanaume wamekwisha hata gari linaendeshwa na yeye alipigwa kofi lililomvua kofia. Kisha Mama Gia akaiokota ile kofia, akaipangusa, akamvika kwa heshima zote.

Gari lenyewe waliliita Mkongwe. Lilikuwa la zamani, limeinuka juu, linavuta kwa magurudumu yote manne, na rangi yake ya kijani ilibaki pale tu ambapo kutu ilikuwa haijafika. Mlango wa abiria ulifungwa kwa waya. Honi ililia yenyewe kwenye mashimo. Na breki, ee Mola wangu! Ukikanyaga mara ya kwanza pedali inazama mpaka sakafuni kama umekanyaga uji. Mara ya pili inagoma kidogo. Mara ya tatu ndiyo inashika. Mume na mke walikuwa wameshazoea; walishuka mlima kwa gia ndogo, mguu ukipampu kabla kona haijafika, huku wanapiga soga bila hata kujua kwamba wanapampu. Mtu mwingine angesema gari ni bovu. Wao walisema wanalijua gari lao.

Kapteni alipovunjwa, madereva wenzake walipitisha kofia. Hospitali ikameza sehemu kubwa ya mchango, na kilichobaki kikawekwa kwenye kopo la maziwa juu ya kabati. Mama Gia ndiye angerudi barabarani, hapakuwa na mwingine wa kulisha nyumba ile. Kilichokuwa kwenye kopo kilitosha kulifanyia Mkongwe jambo moja la maana. Moja tu.

Wakakaa watatu uani kuamua: Kapteni na mkono wake wa plasta, Mama Gia, na Cheche, mdogo wake Kapteni, fundi wa kuchomelea vyuma.

"Breki," alisema Kapteni. "Mipira imechoka, oili inavuja gurudumu la nyuma. Tunaanza na breki, mengine baadaye."

"Mimi ningesema winchi, kaka," alisema Cheche. "Gari la mlimani likizama kwenye tope bila winchi, utalala hapo hapo."

"Winchi ya kumvuta nani, wewe na tumbo lako?" alidakia Mama Gia. "Mimi nataka bampa. La chuma cha reli, linene, linaloanzia chini kabisa karibu na ardhi."

Cheche akacheka. "Bampa la nini shemeji? Unataka kuchunga ng'ombe?"

"La kupita."

"Kupita wapi?"

"Juu yao."

Kicheko kikamkauka Cheche mdomoni. Kwenye barabara ile dereva hampiti mtu aliyelala. Hakuna sheria iliyoandikwa mahali, lakini hospitali iko mbali, magari hupinduka, wakata miti huangukiwa na magogo, na kila dereva anajua kwamba akimwona mtu chini lazima asimame. Majambazi nao walilijua hilo, tena vizuri mno. Huruma ya watu ndiyo iliyokuwa mtego wao.

"Mke wangu," alisema Kapteni polepole, "breki ndizo zitakazokurudisha nyumbani."

"Wewe zilikurudisha?"

Lo! Neno lile lilimwingia Kapteni kuliko nondo. Akatazama chini. Mama Gia aliona alivyomuumiza, akaumia na yeye, na kwa kuwa hakujua kuomba radhi akiwa na hasira, alikamata bakuli lililokuwa mbele yake akalipasua ukutani. Vigae vikamrukia Cheche. "Mnanitazama nini?" alifoka. "Huyu namfungia vifungo vya shati kila asubuhi! Namkatia nyama kama mtoto! Halafu nikawafungie breki, nishuke, niwaulize mmeumia wapi jamani? Ng'o! Atakayelala mbele yangu, namsaga."

"Fanya unavyotaka," alisema Kapteni, akainuka, akaingia ndani.

Cheche alichomelea kutwa nzima. Alikata vipande vya reli chakavu, akaviunga, akavipinda kwa moto na nyundo, na lilipomalizika bampa lilikuwa zito kiasi kwamba Mkongwe aliinama pua. Mama Gia alilizunguka, akachukua nyundo, akalipiga kwa nguvu zake zote. Likalia. Mikono ikamfa ganzi mpaka viwikoni, naye akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya hospitali. Kopo likarudishwa juu ya kabati likiwa tupu.

Akaanza kupanda na kushuka mlima peke yake. Alikataa kuchukua utingo, hakutaka damu ya mtu mwingine ndani ya jambo lake. Kila alipoufikia ule mteremko alikuwa akiwaua kichwani, mmoja mmoja, kwa raha zake. Barabara ilikuwa tupu siku zote. Karibu aone kama wanamwonea, kwa nini hawaji!

Siku waliyokuja mvua ilikuwa imetoka kunyesha na jua limewaka tena. Mkongwe alikuwa na shehena ya mbao mpaka juu ya kibanda cha dereva. Mama Gia alikata kona, akamwona mtu amelala kwa upande katikati ya barabara, mkono mmoja chini ya kichwa kama aliyejipumzisha, na miguuni ana buti za ngozi zenye kamba nyekundu.

Damu ilimchemka hata macho yakaona kiwi. Angejua buti zile popote. Alizichagua mwenyewe, akazifunga kamba mwenyewe. "Ahaa!" alisema kwa sauti. "Ahaa, baba! Umelala? Basi lala!" Akabadilisha gia, akakanyaga mafuta. Mkongwe akanguruma, mbao zikapiga kelele nyuma, mteremko ukaongeza mwendo wake juu ya mwendo.

Yule mtu hakushtuka. Alikuwa amelala pale mara nyingi, na magari yote yalisimama. Alisikiliza ngurumo ikikaribia, akangoja sauti ya breki, na alipoona haiji akainua kichwa.

Alikuwa mtu mzima, ndevu zimeingia mvi, jani bichi limemng'ang'ania shavuni. Aliinuka kwa haraka. Lakini buti zilikuwa kubwa kuliko miguu yake. Mguu uliteleza ndani ya kiatu, kiatu kikateleza kwenye tope, akaanguka kwa goti. Akanyoosha mkono mbele, kiganja wazi, kama anavyonyoosha mtu yeyote anayeomba gari lisimame.

Na mguu wa Mama Gia, bila kumuuliza mwenyewe, ukaacha mafuta ukaenda kwenye breki.

Mara ya kwanza pedali ilizama mpaka sakafuni. "Toka!" alipiga kelele. "Toka, toka!" Mara ya pili ikagoma kidogo. Alivuta usukani, lakini upande mmoja ulikuwa mwamba na mwingine korongo, na mzigo wote wa mbao ulikuwa unamsukuma mgongoni. Bampa lilimpata yule mtu kifuani, kwa sauti ya gunia linaloangushwa kutoka juu ya gari.

Mara ya tatu breki ikashika. Ikashika vizuri sana. Mkongwe akasimama, honi ikalia yenyewe.

Wale wenzake walikuwa wameshatoka vichakani, mmoja na panga, mmoja na nondo. Wakatazama chini ya bampa, wakamtazama mwanamke aliyekuwa anashuka na spana ya magurudumu mkononi. Aliyeshika nondo akaitupa. Wakakimbia wanaparamiana, wanaanguka, wanainuka. Mama Gia wala hakuwafuata. Spana ilimtoka mkononi, akapiga magoti kwenye tope.

Mtu alikuwa bado anapumua, kwa shida, na kila pumzi ilitoka na damu. Macho yake yalimtafuta mpaka yakampata. Hakutukana, hakuomba msamaha. Alionekana kama mtu aliyedhulumiwa, tena aliyeshangaa.

"Mbona hukusimama, mama?" aliuliza.

Akafa kabla hajajibiwa.

Jioni ile mji mzima ulikuwa mdomo mmoja. Wapakiaji walimnyanyua Mama Gia juu juu, akiwemo yule wa kofi, wakaimba jina lake mpaka sauti zikakauka. Askari aliyeandika maelezo alimpa mkono. "Hata breki hakugusa!" walisimuliana madereva, kila mmoja akitia chumvi yake. "Kamsaga kama alivyosema!" Kesho yake walipanga foleni kwa Cheche, kila mmoja anataka bampa kama la Mama Gia, na Cheche hakupata hata nafasi ya kunywa chai. Mama Gia aliyasikia yote.

Buti zilirudishwa. Kapteni aliingia uani akamkuta mkewe ameziweka kwenye beseni, anasugua, anasugua, maji yameshageuka rangi naye bado anasugua.

"Nimetoka mlimani," alisema Kapteni. "Cheche alinipeleka. Nimeona alama za tairi kwenye tope." Akakaa karibu naye kwa tabu. "Watu wanasema hukugusa breki. Mimi nalijua gari langu. Ulipampu mara ngapi?"

Brashi ikasimama.

"Tatu," alisema Mama Gia, na hapo ndipo alipolia, kilio cha kifua kizima, mikono yake ikiwa bado ndani ya buti. "Nilitaka afe, Kapteni. Wallahi nilitaka. Halafu nikawa sitaki. Nilikuwa sitaki tena! Akafa hivyo hivyo. Akaniuliza mbona sikusimama."

Kapteni alimvuta kwa mkono wake mzima. Hakumkumbusha alichokisema mwenyewe juu ya breki siku ile ya kopo, na kwa kutomkumbusha alimuuma zaidi, lakini pia Mama Gia alimpenda kwa hilo kuliko siku zote za ndoa yao. Buti hazikuvaliwa tena. Kapteni alizifukia mwenyewe nyuma ya choo, kwa mkono mmoja.

Kulipokucha Mama Gia alimwambia Cheche alikate bampa. "Likate tu, usiniulize." Dereva mmoja wa kwenye foleni alilinunua palepale, tena kwa bei ya juu kwa kuwa lilikuwa lile lenyewe, lenye kovu. Mama Gia alizipokea pesa kwa ncha za vidole. Zilinunua mipira mipya ya breki, oili, na kazi ya fundi, bila kubaki kitu.

Aliposhuka mlima mara ya kwanza baada ya hapo, alikuwa na shehena kama ya siku ile. Alipokata ile kona, barabara ilikuwa tupu, imekauka, jua linawaka. Akaliacha gari lishike kasi. Kisha akakanyaga breki.

Mara moja tu. Mkongwe akajikita chini, mbao zikagonga kibanda kwa nyuma, gari likasimama kama limefungwa kamba. Mama Gia alitazama mbele ya boneti. Kutoka pale mpaka mahali alipolala yule mtu ilibaki nafasi kubwa, ya kumtosha mtu kuinuka, kuteleza, kuinuka tena, kujipangusa matope na kwenda zake.

Gari la nyuma likafunga breki kwa kelele. Dereva wake akatoa kichwa dirishani. "Mama Gia! Vipi, kuna mtu amelala?"

"Hakuna," alijibu. "Hakuna mtu."

Lakini mguu alishindwa kuuondoa kwenye breki.