Miguu ya Halua

Wiki iliyopita kazi ilinipeleka kwenye zizi moja kubwa la farasi wa mbio, nje kidogo ya mji, na mpaka leo kichwa changu hakijatulia. Mimi, kama hujui, ni mtu wa makaratasi. Nakaa ofisini kule Freezone ya uwanja wa ndege, napitisha mizigo, na farasi nao ni mizigo siku hizi: wanapanda ndege, wana pasipoti, wana hata daktari wao wa safarini. Nilifuata saini tu. Nikaambiwa, "Subiri kidogo, madam," nikapewa chai ya karaki, ile ya maziwa na iliki, ya moto, nikasimama nayo namwangalia daktari wa zizi, mwanamke wa makamo, akimpitishia farasi kamera ya kupima joto miguuni. Kwenye kioo mguu mzima ulikuwa wa buluu, ila mahali pamoja tu, chini ya goti kwa nyuma, pakang'aa pekundu. "Hapa pana moto," akasema, na farasi mwenyewe wala hakumgusa.

Loo! Nilikitazama kile kikombe mikononi mwangu nikakiweka chini upesi, kama mtu aliyefumaniwa. Mwenye zizi akaniuliza kama chai mbaya. Nikamwambia chai ni nzuri, mbaya ni mimi. Akacheka, akidhani natania.

Ngoja nikwambie basi. Baba yangu alikuwa mkufunzi wa farasi wa mbio hapa hapa Dubai. Alikuwa mkufunzi mdogo, na sisemi umbo, maana baba ni mrefu kuliko milango mingi ya mtaa wetu wa Karama. Udogo ulikuwa wa zizi. Farasi sita, wote wa tajiri mmoja tuliyemwita Arbab, yaani bosi, kama kila mtu alivyomwita, na saisi mmoja wa Kiganda wa kuwaosha na kuwalisha. Walikuwa thorobredi, wale warefu wenye ngozi nyembamba, waliozaliwa kwa mbio na si kwa jingine lolote. Ukimtazama mmoja vibaya anaugua.

Nyumba yetu ilikuwa na bibi, mama yake baba, aliyekuja kutoka Unguja na masanduku mawili na asiyewaamini farasi hata kidogo. "Mnyama gani huyu anayelala kasimama?" alikuwa akiuliza kila alipowaona. Lakini ni yeye aliyempa jina farasi wetu bora. Kwenye karatasi za mbio alikuwa na jina refu la Kizungu. Bibi akamwona siku moja anatoka kuoshwa, wekundu wake unameremeta juani, akasema, "Huyu halua ya sinia, anasubiri kukatwa." Likakaa. Hata Arbab, alipokuwa na furaha, alimwita Halua.

Asubuhi za zizini nazisikia mpaka kesho. Baridi ya Januari ya huku, ile ambayo wageni hawaisadiki, na ukungu umeshuka mpaka taa za barabarani hazionekani. Ndoo zikigongana. Pumba ikichemka kwenye sufuria kubwa na harufu yake ikichanganyika na ya ngozi na dawa za kuchulia. Saisi akiimba nyimbo za kanisani kwao kwa sauti ya chini, na farasi mmoja, jike mkorofi, akipiga mlango teke mpaka aimbiwe yeye kwanza. Wallahi sitii chumvi. Baba alijua kila mmoja ana wazimu gani: huyu hali akitazamwa, yule haingii garini ila atanguliwe na mwenzake. Alikuwa akisema farasi sita ndio wanaotosha kichwa cha mtu mmoja, na akija wa saba ungeanza kumsahau wa kwanza.

Na mimi nilikuwa na kazi yangu, usidhani nilikwenda kucheza. Kazi yangu ilikuwa miguu.

Farasi wa mbio akiumia kano ya nyuma ya mguu, kabla hajachechemea, kabla hapajavimba, panakuwa na joto. Joto dogo mno. Mkufunzi anapitisha kiganja asubuhi kabla farasi hajatembezwa, mguu wa kulia, kisha wa kushoto, analinganisha. Lakini viganja vya baba vilikuwa vimeshakufa ganzi kwa miaka ya kamba na yale madawa makali, na saisi wake vilevile. Basi siku moja, nikiwa na miaka minane hivi, baba akanishika mkono akauweka mguuni kwa farasi, akaniuliza ninasikia nini. Nikasema huku kuna moto kuliko huku. Akaita daktari, na kweli, palikuwa na jeraha. Tokea siku hiyo kila asubuhi ya msimu, kabla ya skuli, niliinama chini ya farasi sita nikisema neno moja kwa kila mguu. Baridi. Baridi. Baridi. Nikisema moto, farasi hatoki. Hakuna aliyenibishia, hata Arbab, na mtoto wa kike wa umri ule kupewa neno la mwisho, we! Nilitembea skuli kichwa juu, wenzangu wakiniita Bi Kizizi na mimi sijali.

Sharti lilikuwa moja tu. Kwanza unawe mikono kwa maji ya bomba, ukaushe, usubiri. Usitie mikono mfukoni, usishike kitu cha moto. Mkono wenye joto hauoni joto.

Ukaja mwaka farasi wetu wakawa wanashindwa. Mazizi makubwa yalikuwa yameanza kuota huku na huku, na mabwawa ya kuogeleshea farasi, na mashine za kuwatembeza, na wakufunzi walioletwa kutoka ng'ambo. Arbab alikuja kunywa kahawa na baba, akakaa sana bila kusema, halafu akasema. Ijumaa Halua akimbie. Asipokimbia, khalas, imekwisha, wote sita anawahamisha. Nilikuwa nimekaa pale pale, nikasikia. Baba akajibu inshallah, akamimina kahawa nyingine.

Asubuhi ya siku hiyo ya mbio ukungu ulikuwa mzito na nilikuwa na mafua. Bibi akanizuia mlangoni. Kwake mtoto hatoki na baridi tumboni, farasi au si farasi. Akanitilia chai ya tangawizi kwenye kikombe cha bati akaniambia nikikumbatie. Nikakikumbatia kwa viganja vyote viwili njia nzima, ndani ya pikapu, mpaka zizini. Raha iliyoje! Nikakiweka juu ya ukuta, kingali kinafuka, nikainama kwa Halua. Mikono sikunawa. Maji ya bomba asubuhi ile yalikuwa kama sindano, na mimi nilikuwa mgonjwa, na nilikuwa nikijiona bingwa.

"Baridi," nikasema. Kulia baridi, kushoto baridi.

Alasiri Halua alitoka mbele. Nilikuwa juu ya mabega ya saisi napiga kelele mpaka sauti ikakatika. Kwenye kona ya mwisho akabadilisha mguu wa kutangulia, mara akabadilisha tena, jokii aliyempanda akasimama kwenye rikabu akimvuta, na wengine wote wakampita. Hakufa, alhamdulillahi. Aliishia kwenye shule ya kufundishia watoto kupanda farasi, akizunguka duara kwa upole, na mbio hakukimbia tena maishani mwake. Daktari alimwambia baba kano ilikuwa imeshaanza kuharibika kabla, labda siku mbili tatu. Ajabu, alisema, kwamba hapakuwa na joto. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya baba. Nilivitazama viganja vyangu na nikajua.

Wiki haikuisha, magari yakaja kuwachukua watano waliobaki. Jike mkorofi alipiga teke mpaka barabarani. Saisi alilia waziwazi, baba akafagia vyumba vitupu vya farasi, vyote sita, kama kwamba kesho yake wangerudi. Baadaye akaajiriwa kwenye zizi kubwa, kupima chakula. Farasi wengi hata majina hakuyajua, walikuwa na namba mlangoni. Nami sikusema. Nikawa msichana, nikawa mke, nikawa mama wa watoto watatu, sikusema. Bibi akafa bila kujua kikombe chake kilifanya nini.

Sasa baba anakaa na mimi. Ana sukari, na miguu yake imekuwa haisikii kitu. Daktari alinifundisha kuikagua kila siku: upitishe mkono, ulinganishe kulia na kushoto, ukikuta joto mahali pamoja basi kuna kidonda kinakuja. Nilimwambia, daktari, hiyo kazi mie naijua. Kila jioni baada ya Magharibi nanawa kwa maji ya bomba, nakausha, nasubiri, naingia kwake.

Jioni ile niliyotoka kwenye zizi kubwa nilimkuta amefurahi. Mjukuu wake amemtafutia nafasi uwanjani Ijumaa, mbio za kwanza za msimu, na hajakanyaga huko miaka. Kanzu keshaipigisha pasi. Nikakaa chini miguuni kwake na badala ya kushika mguu nikaanza kulia, mwanamke mzima. Nikamwambia yote. Chai, kikombe, maji ya bomba. Nikasema, baba, aliyelifunga zizi lako ni mimi.



"Nilikiona kikombe," akasema baba. "Kilikuwa kinafuka moshi ukutani."

Sikumwelewa.

"Ningekwambia ukanawe, mwanangu. Nilifungua mdomo. Halafu nikaufunga, kwa sababu nilitaka uniambie baridi. Ukasema baridi, nami nikamtoa farasi." Akayafunika macho kwa mikono yake mikubwa. "Nikakuacha ubebe wewe. Nisamehe."

Nitakwambia ukweli, nilikasirika. Nilikasirika hasira ambayo sikuijua, na nilitaka kuinuka niende zangu jikoni nikavunje sahani. Miaka yote ile! Lakini nilikuwa nimekaa sakafuni na miguu ya mzee wangu iko mapajani mwangu, na mtu haondoki hivyo. Tukakaa. Akaniuliza kama nakumbuka jike mkorofi alivyokuwa akidai aimbiwe, nikacheka huku nalia.

Wakufunzi wa farasi sita hawapo tena, au wapo wawili watatu na wanahesabiwa wazimu. Pale palipokuwa na zizi letu pana maegesho ya magari. Sisemi kamera ni mbaya. Kamera ingemwokoa Halua, haina mafua wala bibi, na hakuna anayeweza kuinyamazia ili iseme anachokitaka. Ila huwa najiuliza yule farasi wa wiki iliyopita, aliyeng'aa mwekundu kwenye kioo, kama yupo mtu pale anayejua kwamba hali akitazamwa, au anataka kuimbiwa.

Basi jioni ile nikafuta macho, nikaenda bafuni nikanawa kwa maji ya bomba mpaka kwenye viwiko. Nikakausha. Nikasubiri. Nikarudi, nikapitisha kiganja mguu wa kulia, kisha wa kushoto, kisha nikarudia wa kushoto, chini ya kidole gumba. Kanzu ilikuwa imetundikwa mlangoni, nyeupe, mikunjo ya pasi imesimama.

"Vipi?" akauliza baba, naye anaitazama kanzu.

"Moto, baba," nikasema. "Ijumaa hutoki."

Akatikisa kichwa kukubali, polepole, vile alivyokuwa akitikisa zamani, na hakunibishia.