Mwarobaini, Bwawa na Mama Mkwe

Maisha yangu yote ya kazi nilikuwa bwana shamba, na kazi ya bwana shamba, ukiacha kugombana na wadudu wa pamba, ni kuwahimiza watu wapande miti. Nimehubiri miti Sapiwi, nimehubiri miti Mkula, nimehubiri miti hata msibani. Kwa hiyo mtu akisikia kwamba ndoa yangu ilitaka kuvunjika kwa sababu ya majani ya mti, ana haki ya kucheka. Mimi mwenyewe wakati ule sikucheka hata kidogo.

Chanzo ni bwawa la kuogelea. Nilipostaafu niliwaambia watu wa nyumbani kwamba nataka kitu kimoja tu cha anasa kabla sijafa. Bwawa la namna hiyo nilikuwa nimeliona kwenye hoteli moja Mwanza wakati wa semina: maji ya buluu, watu wamejilaza pembeni na miwani myeusi, hawafanyi lolote. Nikasema moyoni, hawa ndio wanaoishi. Basi nikachimba langu uani, hapa hapa Bariadi, nyuma ya jiko. Majirani walikuja kulitazama wakaliita lambo. Mmoja aliniuliza, kwa adabu kabisa, ng'ombe wataruhusiwa kunywa siku zipi. Kuogelea kwenyewe sijui. Huwa nasimama upande wa kina kifupi, maji yananifika kifuani, najisikia tajiri.

Tatizo lilikuwa mwarobaini. Mke wangu aliuleta ukiwa mche kutoka kwa mama yake, Sapiwi, mwaka tuliohamia nyumba hii, na chini yake ndipo anapokaa kila jioni, anachambua mboga na kumsema kila anayepita. Kiangazi upepo ukianza, mti unapukutika. Na si majani ya maana ambayo mtu unaweza kuyakamata ukajua umekamata kitu. Ni vijani vyembamba, vingi kupita kiasi, vya kijinga kabisa. Nikatengeneza wavu wangu mwenyewe: nilichukua ringi ya baiskeli, nikaishonea kipande cha chandarua, nikaifunga kwenye ufito mrefu wa mkaratusi. Naopoa majani asubuhi, bwawa linang'aa. Nageuka kukung'uta wavu, nikitazama tena limejaa. Kuna siku nilisimama mbele ya ule mti nikautukana, na mbwa wa jirani akaja kushuhudia.

Mke wangu alikuwa anakaa palepale kivulini ananitazama. Kusaidia hasaidii. Anasema tu ukipenda boga upende na ua lake, kisha anarudi kwenye mboga zake. Siku pampu ilipoziba kwa majani na maji yakaanza kugeuka kijani, hasira zikanipanda kichwani. Nikamwambia mti huu nitaukata, na yeye achague: mti au mimi. Akafikiri. Kweli kabisa alikaa akafikiri, halafu akasema, "Mti." Kesho yake akafunga vitenge vyake akaenda kwa mama yake, ati kupumzika mbali na kelele, na mlangoni akaniachia neno kwamba siku nikiugusa ule mti nisihangaike kumfuata.

Kwetu mwanamume akikimbiwa na mke huenda ukweni na wazee wawili watatu, akakaa chini kwa unyenyekevu, akasomewa makosa yake. Nikasema mimi siendi. Niende nikashtakiwe kwa ajili ya majani? Nikabaki na bwawa langu. Nilikula viporo, nikabishana na redio, nikagundua kwamba nyumba niliyokuwa naiona ndogo ina vyumba vingi visivyo na mtu. Nilimkumbuka sana, nisiseme uongo. Nilikumbuka hata kusemwa. Lakini kila nikishika simu, kiburi kinanizuia, naiweka chini.

Nikamwita kijana mwenye mashine ya kukatia miti. Akaja, akauzunguka mwarobaini, akaupiga makofi shinani, akawasha mashine yake. Nikamwambia azime. Akauliza kuna nini, nikamwambia kuna upepo. Alitazama juu, hakukuwa na jani lililotikisika, akanitazama mimi, akaondoka zake.

Sasa, mchana mmoja wa jua kali nilikuwa majini. Majani mengine yalikuwa yamezama, na wavu ulikuwa hauyafikii vizuri, kwa hiyo nilikuwa nimegundua mbinu ya kuyaokota kwa vidole vya miguu. Nilivaa bukta yangu ya zamani yenye tundu sehemu ya kukalia, maana nani ataniona? Nikasikia pikipiki getini. Nikadhani ni ya jirani. Mara kwenye kona ya jiko akatokea mama mkwe wangu, kuku kwapani.

Lazima nieleze. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawazoeani. Hampeani mikono, hamli pamoja, mkikutana njiani wewe unaingia majanini yeye apite. Tangu nimwoe binti yake sikuwahi kusema naye neno zaidi ya salamu, tena kutokea mbali. Mengine yote yalipitia kwa mke wangu. Na mama mkwe hajiendei tu kwa mkwewe bila taarifa. Lakini huyo hapo, uani kwangu, na mimi nimo ndani ya maji na bukta ya aibu. Wahenga walisema maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Nikachuchumaa mpaka yakanifika kidevuni, na majani yakaja kunikaa kichwani.

Yule bibi hakushtuka. Akageuka, akavuta ndoo, akaipindua, akaikalia akinipa mgongo. Akanisalimu. "Mwadila." Nami nikajibu mwadila, na salamu ikafuata urefu wake wote: nyumba, watoto, ng'ombe, afya ya miguu, mtama, mvua ambayo hata msimu wake haujafika. Kila nikifungua mdomo kujibu mhola, yaani salama, nilikuwa nameza maji. Salamu ikaisha. Kwa desturi hapo ndipo mke wangu angeyapokea maneno kwa mmoja na kuyapeleka kwa mwingine, na mke wangu ndiye hayupo.

Mama mkwe akamweka kuku kwenye saruji ya ukingoni, miguu yake imefungwa kwa utepe wa kitenge. Akakohoa.

"Wewe kuku," alisema, "muulize mwenye mji huu kama anakula."

Nikamwambia kuku kwamba mwenye mji anakula vizuri. Kuku akaambiwa kwamba kwa sauti aliyonayo mwenye mji, vizuri hiyo ina mashaka. Nikamwomba kuku aulize hali za watu wa Sapiwi, na hasa mgeni wao. Kuku akaambiwa mgeni wao hajambo, amenenepa, analala usingizi mzito. Kule kunenepa kulinichoma. Nikamwambia kuku kwamba hata hapa watu wanalala, tena mpaka jua linawakuta. Kuku akaulizwa kwa nini lambo hili halina ng'ombe. Nikaanza kumweleza kuku habari za utalii na mapumziko. Kusema haki yule kuku alijitahidi. Alikuwa anageuza shingo kwa kila anayezungumza, na kama mshenga sijapata kuona mtulivu zaidi.

Lakini nadhani mambo ya mapumziko yalimchosha. Alipiga mabawa mara moja, akaruka pembeni, akatumbukia upande wa kina kirefu.

"Mshike wewe! Anakufa!" Mama mkwe alikuwa amegeuka, amesimama, na alikuwa anasema na mimi.

Upande ule mimi siwezi kwenda, nitakufa kabla ya kuku. Nikanyakua wavu wangu wa baiskeli nikaunyoosha. Yeye akawa ananielekeza kutoka ukingoni: kushoto, si huko, huo ni mkono wa kulia chakula, nyanyua, usimzamishe. Nikamjibu kwamba anayeshika wavu ni mimi. Akaniita mjinga. Nikamwambia basi aje avue mwenyewe. Hatimaye nikamtoa kuku pamoja na rundo la majani, nikamwaga vyote miguuni pake, na kuku akajikung'uta akamlowanisha bibi wa watu kuanzia magotini kushuka chini.

Hapo ndipo sote wawili tulipotambua tulichofanya. Miaka yote ile, halafu tunagombana uso kwa uso kama wauza nyanya. Mshenga alikuwa amelala ubavu anapiga chafya, hatumiki tena. Nikarudi kuchuchumaa. Mama mkwe hakunipa mgongo mara hii. Aliinua macho kwenye mwarobaini, akautazama kuanzia juu mpaka shinani, halafu akanitazama mimi.

"Aliniambia nikikuta mti umekatwa nigeuze pikipiki, hata salamu nisikupe," alisema. "Mbona hukuukata?"

Nilitafuta jibu la kitaalamu. Nilikuwa na mmomonyoko wa udongo, nilikuwa na hifadhi ya mazingira, mambo niliyoyahubiri maisha yangu yote. Nikalitoa jani lililoniingia puani.

"Nikiukata," nikasema, "akirudi atakaa wapi?"

Aliinama, akamfuta kuku kwa pindo la kitenge chake, bawa moja, kisha la pili.

"Hayo kamwambie mwenyewe," alisema. "Tumekuja mshikaki, watatu pikipiki moja. Yuko getini na dereva wa bodaboda, na amesema haingii mpaka uje umwite."

Taulo langu lilikuwa kwenye kamba, mbali, upande wa jikoni. Mila zote nilizofundishwa zilikuwa zinaniambia nibaki majini mpaka giza liingie. Na kule getini nilisikia pikipiki inawashwa, sijui kwa sababu gani, labda dereva alikuwa amechoka kusubiri, nikasogea kwenye ngazi.

Mama mkwe alikwenda mpaka kwenye mwarobaini, akaukumbatia kwa mikono miwili, akaficha uso wake kwenye gome. Nikapanda ngazi, majani yamenigandia mgongoni, nikapita nyuma yake nimeziba tundu la bukta kwa kiganja, nikaenda getini nikamwita mke wangu kwa jina lake.