Heroe wa Kenyatta Market

Niseme mapema: mimi sijawahi kuwa mtu wa michezo. Kwenye mbio nilikuwa wa mwisho, kwenye netiboli nilipewa kazi ya kushika masweta ya wenzangu, na kamba nikiruka ilinikamata shingoni, msiniulize vipi. Kwa hivyo siku niliyogundua kwamba kuna kitu kimoja ambacho mwili wangu unakiweza kuliko mtu yeyote darasani, nilitoka shuleni Kileleshwa mpaka nyumbani Kilimani mbio, mimi ambaye hata kukimbia sijui.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya themanini, muhula wa tatu, nikiwa darasa la tano. Mwalimu wetu wa Kiswahili alikuwa mama wa kutoka Pwani, mkali wa ngeli. Ukisema "kitu yangu" mbele yake alishika kichwa kana kwamba umemkanyaga kidole. Siku hiyo tulikuwa tumekula githeri ya mchana, mahindi na maharagwe, na tunasinzia kwa zamu. Akagonga meza kwa rula.

"Simameni! Simameni kama heroe!"

Basi tukasimama. Wavulana wakatunisha vifua. Mmoja akapiga saluti. Mimi nikaweka mikono kiunoni, kidevu juu, nikatazama mbali dirishani kama mtu aliyepigania uhuru na sasa anangoja kuchongwa sanamu. Si mwalimu amesema hero? Na hero ni shujaa, nani hajui?

Mwalimu alicheka mpaka akakaa. "Enyi watoto wa Nairobi, mtaniua! Heroe, si hero! He-ro-e!" Akachora ubaoni ndege mwenye shingo ndefu na mdomo uliopinda, mguu mmoja chini, mwingine umekunjwa tumboni. Alikuwa yule ndege wa waridi wa Nakuru, yule wa kwenye kalenda, ambaye sisi tulimjua kwa jina la flamingo na hatukufikiri kama ana lingine.

Akatuamuru tukunje mguu mmoja kila mtu. Loo! Darasa liligeuka soko. Huyu anashika dawati, yule anashika nywele za mwenzake, wengine wameanguka kabla hata ya kumi. Mwalimu akawa anahesabu kwa sauti. Tulipofika sitini tulibaki wanne. Tulipofika mia nilibaki mimi. Nilikuwa nasikia mguu ukifanya kazi yake wenyewe, kifundo kinayumba kidogo huku na kidogo kule, vidole vinang'ang'ania soli ndani ya kiatu, nami huku juu nimetulia tuli. Nilifurahi mpaka nikahisi nitalia.

"Sasa fumba macho," mwalimu akasema.

Nikafumba. Sikumaliza hata tatu. Nilimwangukia jirani yangu na wino wake.

"Umeona?" mwalimu akasema, huku akinisaidia kuinuka. "Heroe yeye hulala hivyo hivyo. Mguu mmoja, macho kafumba, na hatikisiki."

Hiyo ndiyo habari niliyokuwa nakimbia nayo, na nilikuwa nampelekea mama.

Mama alikuwa msusi Kenyatta Market. Alisuka rasta, alisuka mistari, na watu walitoka mbali kumfuata. Hata huyo mwalimu wangu alikuwa mteja wake, jambo ambalo lilinifanya nisilale raha wiki za mitihani. Lakini mwezi wa tisa mama alitumwa upande wa wachoma nyama kuchukua chakula cha wenzake, akakanyaga kipande cha mafuta ya mbuzi, akaenda chini. Kifundo cha mguu wa kushoto kikavunjika. Si gari, si mwizi, ni mafuta ya mbuzi! Alikasirikia mbuzi huyo kuliko alivyowahi kumkasirikia binadamu.

Plasta ilikaa wiki sita. Ilipotolewa, ule mguu ulitoka mwembamba, umepauka, na mama akautazama kama mgeni ambaye hakualikwa. Alikuwa anauburuta. Alitembea na fimbo na hakuukanyagia. Dada wa mazoezi pale hospitali alimwambia wazi, "Mama, mfupa umeshika. Siku utakayosimama kwa mguu huo peke yake ukahesabu thelathini, rudi kazini." Na Madam, mwenye kibanda cha ususi alichofanyia kazi mama, naye alisema yake: nafasi ya mama ataishikilia mpaka Jumamosi ya kwanza ya Desemba. Desemba ndiyo msimu, kila mwanamke Nairobi anataka kusukwa kabla ya kwenda ushago, kijijini kwao, na kichwa kimoja cha rasta hula siku nzima ya kusimama. Ukikaa kwenye stuli hufiki utosini. Mama asipoweza kusimama, Madam ataweka mtu mwingine.

Mama hakuwa na kazi nyingine. Zaidi ya hayo, hakutaka kazi nyingine. Aliipenda ile kazi, kelele zake na umbea wake, na nilimwona akisuka vichwa vya hewani akiwa amekaa mlangoni, vidole vinaenda vyenyewe. Nilikuwa nikimwona hivyo, roho inaniuma.

Nilimkuta hapo mlangoni siku hiyo, nyuma ya nyumba kubwa ambapo tulipanga chumba kimoja na jiko. Nikatupa begi chini.

"Mama, inuka! Inuka usimame kama heroe!"

Akanitazama. "Kama nani?"

"Kama heroe!"

"Hero?" akasema polepole. "Mimi?"

Na hapo, jamani, nikaona uso wake ukibadilika. Akaweka fimbo kando. Akashika mwimo wa mlango, akajinyoosha mgongo, kitu ambacho hakuwa amekifanya tangu mwezi wa tisa. "Hebu ona huyu mtoto," akasema, akipangusa jicho kwa kanga. "Ati mimi ni hero."

Ningemwambia nini? Kwamba ni ndege? Kwamba mimi mwenyewe nilikuwa nimechekwa kwa kosa hilo hilo saa mbili zilizopita? Nikamwambia akunje mguu mzima. Nikasimama nyuma yake, nikanyoosha mikono nimdake, nikasema, "Haya. Moja."

Hatukufika mbili. Akarudisha mguu chini na kutukana mbuzi.

Tulirudi kesho yake, na kesho kutwa. Moja. Moja na nusu. Mbili, na kelele mpaka mbwa wa jirani wakaitika. Siku ya nne tukasikia mtu anakohoa. Alikuwa bibi wa Kihindi wa ile nyumba kubwa, mama yake mwenye nyumba, amesimama mlango wa jiko lake na sari yake nyeupe. Kumbe ametutazama siku zote hizo.

"Wewe naangalia chini," akamwambia mama. "Ndiyo naanguka. Mguu haina macho. Wewe hapana angalia mguu."

"Sasa niangalie wapi, Mama?"

"Ile msumari." Akaonyesha msumari uliokuwa ukutani ambapo tulitundika karai. "Msumari haendi popote."

Kisha, mimi nikiona kwa macho yangu haya, yule bibi akavua champali, akainua unyayo wa kulia akauegemeza gotini, akakutanisha viganja kifuani, akasimama. Bibi wa miaka sabini na kitu! Upepo unapeperusha sari, yeye hata habari hana. 

"Kila asubuhi," bibi akasema akiwa huko huko juu ya mguu wake mmoja. "Mbele ya chai."

Kuanzia siku hiyo karai likahamishwa na msumari ukawa wetu. Mama alikazia macho msumari huo kama anaudai maelezo. Nne. Saba. Kumi na moja! Siku ya hiyo kumi na moja nilizunguka ua wote nikipiga vigelegele na mama akanikaripia kwamba namtoa msumarini. Ule mguu mwembamba ukaanza kurudisha nyama kidogo. Nikiwa nimeinama nyuma yake nilikuwa nakiona kifundo kikiyumba huku na kule, huku na kule, kama changu kilivyofanya darasani, na nilijua hapo kwamba kusimama si kutulia. Mguu unakosea na kujirekebisha wakati wote, ila haraka sana.

Siku moja nikaleta ujuaji. "Heroe wa kweli husimama hata akifumba macho," nikasema.

"Ni hivyo?" Mama akafumba. Akaniangukia mimi, na sote wawili tukaangukia gunia la makaa. Tulipotoka hapo huwezi kujua nani mama nani mtoto.

"Hiyo ya macho," akasema akitema vumbi, "tusirudie tena."

Mpaka shule zikafungwa, mama hakuwahi kupita ishirini na sita. Ishirini na sita, anashuka. Ishirini na tano, anashuka. Usiku wa kuamkia Jumamosi ya Madam nilimsikia kitandani akijigeuza. "Kama ni ishirini na sita, ni ishirini na sita," akasema gizani. "Nitamwambia Madam ukweli." 

Jumamosi tukaenda. Kenyatta Market ilikuwa imefurika, moshi wa nyama umetanda, redio tatu zinashindana, wanawake wamekaa kila mahali na nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama wima. Madam alikuwa mlangoni mwa kibanda chake, mikono imekunjwa. Na kwenye kiti cha katikati, wasusi wawili wakiwa juu yake, nani? Mwalimu wangu wa Kiswahili. Anasukwa aende Pwani kwa sikukuu. Nilitamani ardhi inimeze.

"Shikamoo, mwalimu," nikasema.

"Marahaba, mwanangu."

Madam hakuzungusha. "Haya, mama. Niliambiwa thelathini. Nionyeshe."

Mama akanipa fimbo. Akatafuta msumari. Misumari ilikuwa mingi, imejaa mafungu ya nywele za kusukia, na macho yake yalihangaika mpaka yakatua kwenye mmoja wenye fungu la kahawia. Nikasimama nyuma yake, mikono mbele. Akakunja mguu wa kulia.

"Moja," nikasema. Wasusi wakaacha kusuka. "Mbili," wakasema nami. Kufikia kumi kibanda kizima kilikuwa kinahesabu. Kufikia kumi na tano wamekuja wa vibanda vya jirani, na wachoma nyama wawili na visu vyao mkononi. Kumi na nane! Kumi na tisa! Kifundo kilikuwa kinatetemeka, nakiona. Ishirini! Nikasahau niko wapi, nikasahau nani yuko kwenye kiti, nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote: "Heroe, Mama! Heroe!"

"Mmemsikia huyo?" mwalimu akadakia kwa furaha, akiruka kitini na vitana kichwani. "Mwanafunzi wangu huyo! Heroe! Kiswahili sanifu hicho!"

"Si ni hero, mwalimu?" msusi mmoja akauliza.

"La! Heroe. Ndege. Flamingo wa Nakuru, yule wa mguu mmoja."

Ishirini na mbili, wakasema watu, kwa sauti ya chini kidogo.

Mama hakugeuza macho kutoka kwenye msumari. "Ndege?" akasema.

Nikasogeza mikono karibu na kiuno chake. 

"Wewe msichana. Wiki tano. Ndege?"

Ishirini na nne. Na nikaona mabega yake yakianza. Nakijua kicheko cha mama yangu; hakitoki mdomoni, kinaanzia kiunoni, kinamtikisa mwili mzima mpaka vyombo vinagongana kabatini. Nikasema basi, amekwisha, nimemuua mwenyewe kwa mdomo wangu. Mguu ukayumba huku, ukayumba kule. Mama anacheka machozi yanamtoka, mikono imetanuka, Madam amesahau kukunja yake. Ishirini na sita! Akaenda kulia, nikamsogelea, akarudi. Ishirini na saba! Mchoma nyama mmoja anapiga kisu chake kwa kingine. Ishirini na tisa!

Thelathini.

Kelele iliyopigwa hapo sijaisikia tena maishani. Madam mwenyewe alipiga makofi. "Haya, basi, basi! Weka mguu chini mama, chukua kitana, vichwa vinakungoja."

Mama hakuweka mguu chini.

"Ngoja kwanza, Madam." Bado alikuwa anacheka, pumzi zinamkatika. "Msichana. Huyo ndege wako hufumba macho, si ndiyo?"

"Ndiyo, Mama."

"Sawa."

Akafumba macho.  Mimi nikapanua mikono zaidi, magoti nimekunja, tayari kumdaka kama siku ile ya makaa. Alikuwa amenipa mgongo na macho yamefungwa, hangeweza kuniona kwa vyovyote.

"Toa mikono hapo," akasema.

Nikaitoa.