Siku ya Kukaa Ndani ya Gari

Fundi alikataa kunipa ufunguo. Nilikuwa nimeshafunga madumu ya maji, nimekagua jeki, koleo na mbao za kuweka chini ya tairi zikizama, yeye bado anatikisa kichwa. Kabla ya safari ya kwanza ya Piyaya kupitia bonde la vumbi jeupe la Olbalbal, alisema, dereva huanza kwa kukaa. Asubuhi hadi saa kumi, ndani ya gari lililozimwa, pale pale gereji, juani, bila kushuka. Ukikwama kule kwenye vumbi, unasubiri garini utafutwe. Anayeondoka kwa miguu ndiye anayekufa.

Sikupenda kufundishwa hilo. Kaka yangu alikufa hivyo, na gari lilikuwa hili hili. Walilikuta na maji ya kutosha siku tatu. Yeye walimkuta mbali, upande usio na boma wala mti. Nyumbani tulichoka kuulizana kwa nini alishuka. Mimi nilishajijibu: kiburi. Nilitaka kuifanya kazi yake na kurudi salama, labda ningeacha kumkasirikia.

Basi nikakaa. Mafundi walikatazwa kunisemesha. Ukungu wa Karatu ukaondoka, jua likaanza kuchoma bodi. Kufika saa sita nilikuwa nimemaliza ndizi zangu zote na kumtukana fundi kimoyomoyo kwa Kiiraqw na kwa Kiswahili. Ndipo nikaona vumbi kwenye dashibodi. Udongo wetu ni mwekundu. Hili lilikuwa jeupe, laini kama unga, na dashibodi ile niliipangusa mwenyewe asubuhi. Nikalifuta. Nilipotazama tena, lilikuwepo. Niliogopa, sifichi, lakini sikushuka.

Baadaye gereji ikawa kimya mno. Sikusikia nyundo wala redio. Nikawaza kwamba maji yapo hapo mbele tu, dakika tano kwa miguu, na kwamba ni ujinga kuendelea kukaa. Lilikuwa wazo tulivu kabisa.

Mlinzi ndiye aliyenishika mkono. Nilikuwa nje ya geti, barabarani, miguu peku. Sikumbuki kufungua mlango.

"Dada, ulikuwa unaongea na nani?"

"Sijaongea na mtu."

"Umeongea toka kwenye gari mpaka hapa. Ulikuwa unasema, nisubiri."

Fundi akaja polepole, anafuta mikono. Nikaanza kujitetea kwa hasira kabla hajafungua mdomo. Aliniacha nimalize.

"Ni saa nane kasoro," alisema, macho chini. "Kaka yako naye, nilipomkalisha hapa, alitoka garini saa hizi hizi. Akanibembeleza, akacheka, nikampa ufunguo."

Hasira yote niliyombebea kaka iliniishia pale barabarani, nikalia mbele ya watu. Kisha nikamwambia fundi kwamba kesho nitakaa tena, na nikitoka, asinipe ufunguo hata nimbembeleze vipi.